Maktaba yetu inavuma kama tangi tupu: tuanzie wapi?

Swali: "Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Jinja. Maktaba yetu ni jengo la zamani la ghorofa moja: ukumbi mmoja mrefu, sakafu ya terazo, kuta za plasta, madirisha ya luva, paa la mabati, na dari ya bodi iliyopakwa rangi ya mafuta. Chuo kimepata fedha za ukarabati wakati wa likizo ndefu. Fundi anapendekeza dari mpya ya jipsamu, vigae vya kung'aa sakafuni na vyumba vya vioo vya majadiliano. Lakini tatizo letu kubwa ni kelele. Kiti kikiburutwa mlangoni, anayesoma mwisho wa ukumbi anainua kichwa. Mvua ikinyesha ndiyo hatusikilizani kabisa. Mhadhiri mmoja anashauri tubandike trei za mayai ukutani, mwingine anasema sponji za godoro. Fedha hazitoshi kila kitu. Tufanye lipi kwanza?"

Dada mkutubi, nashukuru umeuliza kabla fundi hajapandisha ngazi. Maswali ya namna hii hunifikia zaidi baada ya rangi kukauka, na hapo dawa huwa ghali mara mbili.

Niseme wazi: mpango huo ukitekelezwa kama ulivyo, mtapata ukumbi wa kupendeza macho na wa kutesa masikio kuliko mlio nao. Jipsamu laini, vigae na vioo ni ndugu wa tumbo moja, vyote vinairudisha sauti ndani. Fedha yenu nyingi iende darini, lakini kwa namna nyingine. Na kabla ya kununua hata msumari, kaeni chini na ramani ya ukumbi muamue nani ataruhusiwa kuongea wapi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, hata wajenzi wazoefu. Kufyonza sauti ni kazi moja, kuizuia isipite ni kazi nyingine. Kitu chenye vinyweleo, kama sufi, blanketi au nyasi, hufyonza: hewa inayotetemeka huingia ndani yake, ikasuguana na nyuzi, nguvu yake ikaishia kuwa joto kidogo. Kitu kizito kisicho na tundu, kama ukuta wa matofali, huzuia: sauti haikitikisi kirahisi, basi haivuki. Blanketi halimzuii jirani asikusikie, na ukuta wa matofali haupunguzi mvumo wa chumba chako, yaani sauti inayobaki ikirudi-rudi ndani baada ya kutolewa. Maktaba yenu inahitaji vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Kuhusu mvumo tuna hesabu ya zamani ambayo bado haijapitwa. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo mhadhiri hakueleweka, kwa sababu kila neno lilibaki hewani zaidi ya sekunde 5 na kulifunika linalofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuutibu. Usiku, mji ukiwa kimya, alikuwa akiazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akiipanga ndani, akiliza filimbi ya kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti inachukua kufifia. Alfajiri anairudisha mito. Kutokana na mito ile akapata kanuni: muda wa mvumo ni ujazo wa chumba, mara 0.161, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa vitu vyote vilivyomo. Kipimo chake cha ufyonzaji kilikuwa dirisha lililo wazi, maana sauti ikitoka dirishani hairudi. Mita moja ya mraba ya dirisha wazi ni 1. Plasta au terazo ni kama 0.02, yaani kati ya sehemu 100 za sauti iliyoigonga, 98 zinarudi.

Hukunipa vipimo vya ukumbi wenu, kwa hiyo nachukua mfano wa mita 24 kwa 15, kimo mita 4.5. Ujazo wake ni mita 1,620 za ujazo. Sakafu, kuta na dari vinazidi mita 1,000 za mraba, ila kwa ugumu wake vyote kwa pamoja vinafyonza kama mita 23 tu za mraba za dirisha wazi. Meza na rafu zenye vitabu vinatoa 21 hivi. Luva zikiwa wazi, 12. Wasomaji 60, kila mmoja na nguo zake na mwili wake, 24. Jumla ni 80, na kanuni inatupa sekunde 3.3. Angalia kwamba hao wasomaji 60 wanafyonza kuliko sakafu, kuta na dari vikijumlishwa. Ndiyo maana ukumbi mtupu unatisha zaidi asubuhi kuliko wakati wa mitihani.

Chumba cha kusomea cha ukubwa huo kingetakiwa kiwe kwenye sekunde 1 au chini yake kidogo. Mkitundika darini mita 250 za mraba za kitu kinachofyonza 0.85, jumla inapanda hadi karibu 290 na muda unashuka kuwa sekunde 0.9. Fedha ikiwa nusu, mkaweka mita 120 tu, mtafika karibu sekunde 1.5. Yaani nusu ya kwanza ya kazi inafanya sehemu kubwa ya mabadiliko, na ningependa bodi ya chuo chenu isikie hilo, kwa sababu mara nyingi mradi huachwa kabisa kwa hoja kwamba fedha haifiki mwisho.

Kelele yenyewe nayo inashuka, kama desibeli 5 na nusu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa mita zile 250. Kwenye karatasi inaonekana ndogo, ukumbini inazidi hapo, maana binadamu hupandisha sauti bila kujijua akiwa kwenye kelele. Daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza tabia hii mwaka 1911. Katika ukumbi unaovuma kila mnong'ono unamlazimisha jirani aongeze wake, na kufikia saa nne asubuhi mna soko. Mvumo ukipungua, watu wanateremka wenyewe bila mkutubi kugonga meza.

Kwa nini dari, si kuta? Kwa sababu dari ndiyo eneo kubwa lililo tupu. Kuta zina madirisha, rafu, mbao za matangazo na mikono ya watu. Sakafu ina miguu, maji na tope la Jinja. Dari haiguswi na mtu, kwa hiyo inaweza kuwa laini na ikabaki safi.

Sasa niongee kuhusu kitu cha kutundika. Waliowahi kuingia makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi, Kampala, kabla ya moto wa mwaka 2010 wanaukumbuka ukimya wa ndani ya ile nyumba kuu. Paa nene la nyasi, pazia la lubugo (kitambaa cha gome la mti), nyasi na mikeka chini ya miguu: kila upande ulikuwa na vinyweleo, sauti haikupata pa kugonga. Wajenzi wa Buganda walijua kutengeneza utulivu muda mrefu kabla ya Sabine. Lakini moto uliichukua nyumba ile. Na Septemba 2020 tuliliona jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere likiungua usiku. Maktaba ni karatasi, haiwezi kufunikwa kwa kitu kinachoungua.

Hapa ndipo ninapomkatalia yule mhadhiri wa sponji, na ninamkatalia kwa nguvu. Sponji ya godoro ikishika moto huwaka kwa kasi ya kutisha, na moshi wake ni sumu. Februari 2003, katika klabu iitwayo The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziligusa sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza sauti. Walikufa watu 100. Tafadhali isiingie maktabani hata kipande. Trei za mayai nazo ni karatasi nyembamba: zinatawanya kidogo sauti kali za juu, sauti ya maongezi karibu haziigusi, na zinawaka.

Kinachofaa ni pamba ya mawe au pamba ya vioo, yaani nyuzi za mawe au vioo vilivyoyeyushwa, iliyoshindiliwa kuwa vipande vigumu, unene wa milimita 50. Haiungui, mchwa hawaili, na kwa sauti za maongezi inafyonza karibu yote inayoipata. Huja kwa meli hadi Mombasa kisha kwa lori, kwa hiyo agizeni mapema, msingoje wiki ya mwisho. Fundi seremala wa hapo Jinja atatengeneza fremu za mbao, aweke vipande ndani, afunike kwa kitambaa, kisha azitundike kwa waya sentimita 15 hadi 20 chini ya dari ngumu. Msiibandike moja kwa moja. Ule uwazi wa hewa juu yake unaifanya ishike pia sauti nzito, kwa kuwa wimbi la sauti nzito ni refu na mahali hewa inapokwenda kwa kasi ni mbali na uso mgumu. Uwazi huo ni bure, na ndio unaoachwa mara nyingi.

Kitambaa nacho kina kipimo chake, hakihitaji maabara: kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita kirahisi, sauti itapita. Kitenge chepesi kinafaa. Lubugo pia, na ningefurahi kuuona, maana ufundi huo uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu na hapa una kazi ya kweli, si pambo tu. Ila ujue lubugo peke yake ukibandikwa juu ya plasta haufyonzi cha maana. Kazi inafanywa na pamba iliyo nyuma yake. Chochote mtakachochagua, kitiwe dawa ya kuzuia moto, na kisipakwe rangi kamwe. Rangi ya mafuta huziba vinyweleo, na dari ya thamani kubwa inageuka ubao siku moja.

Kabla hamjaing'oa dari ya zamani, mleteni mtu anayejua aitazame. Majengo ya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingine yana bodi za saruji ya asbesto. Zikivunjwa kwa nyundo vumbi lake huingia mapafuni na halitoki. Kama ni asbesto, iondolewe na watu wenye vifaa na ruhusa, au ibaki ilipo na fremu zitundikwe chini yake bila kuitoboa hovyo.

Tuje kwenye mvua, maana Jinja mnaishi kando ya ziwa na radi zake mnazijua. Mvua kubwa juu ya mabati matupu inaweza kuleta desibeli 70 na zaidi chumbani, wakati mtu anayeongea kawaida mita moja mbele yako ni kama 60. Fremu za pamba pekee hazitoshi hapa, kwani sauti inatoka juu na pamba inaipitisha. Linalotakiwa ni kwanza kulifanya bati lisitetemeke, kisha kuweka kitu kizito katikati. Mkiwa mnabadilisha mabati, tandikeni blanketi la pamba ya mawe au ya vioo juu ya papi (mbao zinazoshika mabati), likiligusa bati kwa chini, ili kila tone likipiga lipige kitu kilichoshikwa. Chini yake ndipo jipsamu ya fundi wako inapopata heshima: dari nzima iliyofungwa mishono yote, bila matundu ya taa yaliyoachwa wazi, inakuwa kizuizi. Fremu zinafyonza, jipsamu inazuia. Kwa hiyo usimfukuze fundi, mpangie tu zamu ya kila kitu. Ila jipsamu ya milimita 12.5 ina kilo 9 hivi kwa mita ya mraba. Kwa ukumbi wa mfano wetu ni tani 3 na zaidi zinazoning'inia kwenye kenchi za mbao za zamani. Mhandisi apande, azichokoe kenchi moja moja atafute mchwa. Hilo halina njia ya mkato.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nilijifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia ukumbi wa kusomea wa chuo kimoja mjini Kampala. Tulifyonza vizuri sana, mvumo ukashuka, kila mtu akapongeza. Baada ya mwezi mmoja mkutubi akanipigia: wasomaji wanalalamika kuliko zamani. Nilikwenda nikakaa saa mbili, nikaelewa. Zamani kelele ilikuwa uji, hakuna neno lililojitenga. Sasa mtu aliyekaa meza nne mbali alikuwa anasimulia habari za harusi ya dada yake na nilisikia kila kitu. Akili ya binadamu haiwezi kuacha kufuata maneno inayoyaelewa. Mazungumzo yanayosikika wazi yanamsumbua msomaji kuliko kelele isiyo na maneno. Nilikuwa nimetibu chumba bila kupanga watu.

Ndiyo maana nilianza na ramani. Mlango, kaunta ya kuazima, mashine ya kutoa kopi na meza za makundi vikae upande mmoja. Kisha rafu, zile ndefu zinazompita mtu kimo, zikiwa zimejaa vitabu na kupangwa kwa upana wa ukumbi, si kwa urefu. Msomaji aliyekaa masikio yake yako kama mita 1.2 kutoka sakafuni, hivyo rafu ya mita 2 inamkinga, na dari ikiwa inafyonza, sauti haitaruka juu na kumwangukia upande wa pili. Nyuma ya rafu, mbali kabisa, ndipo wakae wanaotaka ukimya. Feni za darini msiziondoe zote: mlio wao mdogo usiobadilika unafunika minong'ono.

Wanafunzi wetu husoma kwa makundi, na hiyo si tabia mbaya ya kukemewa. Wengi wanajifunza kwa Kiingereza ambacho si lugha ya nyumbani, wanahitaji kuelezana. Wapeni vyumba vya kweli. Kioo kimoja cha milimita 6 kinapunguza kama desibeli 30, ukuta mwembamba wa matofali uliopigwa plasta pande zote kama 45. Ningejenga kuta za matofali zenye dirisha dogo la kioo kinene kisichofunguka, ili mkutubi aone ndani. Lakini mambo mawili huharibu vyumba hivi karibu kila mahali ninapoitwa. La kwanza, ukuta unaishia darini badala ya kupanda hadi kwenye bati, na sauti inavuka kwa juu kama paka. Chunguza hili kwa macho yako kabla dari haijafungwa. La pili ni mlango. Uwazi wa sentimita 1 chini ya mlango wa kawaida, katika ukuta wa mita 10 za mraba, ni sehemu moja tu ya elfu, lakini unatosha kuushusha ukuta wowote hadi desibeli 30. Matofali yote yale yanashindwa na nafasi ya kupitisha daftari. Mlango uwe wa mbao nzito, wenye mpira pembeni pande tatu na ufagio wa mpira chini. Na ndani ya kila chumba wekeni fremu moja au mbili za pamba, wasije wakapigiana kelele humo humo.

Vigae vya kung'aa achaneni navyo. Terazo yenu isuguliwe tu, ni nzuri na itatuzika sote. Zulia linasaidia nyayo na viti, ila jembamba linafyonza robo hivi ya sauti za maongezi, sauti nzito halizigusi, na kwa vumbi letu linataka kuoshwa daima. Labda kwenye njia ya katikati. Miguu ya viti ivalishwe soksi za mpira, hata za tyubu ya tairi la gari zilizokatwa na kufungwa vizuri. Ni kazi ya siku moja kwa fedha ya chai, na itawaondolea lile lalamiko la kiti mlangoni hata kabla ya ukarabati.

Kelele ya nje sikuisahau. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 za kudhibiti kelele ziliweka kikomo cha desibeli 45 mchana kwa vyuo vya elimu ya juu na maktaba za umma, kwa hiyo mna pa kusimamia mkizungumza na jirani mwenye spika. Jenereta yenu wenyewe ihamisheni nyuma ya ukuta mzito, si nyuma ya michongoma. Miti michache huficha kelele machoni tu. Mahali pa luva za upande wa barabara wekeni madirisha yanayofunga kwa mpira, za upande wa bustani ziacheni zipumue.

Kwenye mkataba, msikubali neno "dari ya kuzuia kelele" likisimama peke yake. Andikeni namba: ufyonzaji, ambao kwenye karatasi za kiwanda huitwa NRC, usipungue 0.85, na uwazi wa juu ya fremu usipungue sentimita 15. Jumamosi hii, ukumbi ukiwa mtupu na luva zimefungwa, pasua puto katikati na urekodi kwa simu. Rudia mara tatu sehemu tofauti, kisha siku nyingine wakati wasomaji wamejaa, kwa ruhusa yao. Programu za bure za simu si mizani ya maabara, lakini zinatosha kulinganisha kabla na baada. Zihifadhi rekodi hizo. Siku ya kukabidhiwa jengo, pasua puto za aina ile ile mahali pale pale fundi akiwa amesimama karibu yako, na fedha ya mwisho ya dhamana isitoke mpaka mmesikiliza rekodi zote mbili.